Nyumba Isiyo na Mlango

Sindano ya sitini na moja ndiyo iliyokuletea nzi sikioni.
Ulidhani ni nzi. Ulimfukuza kwa upindo wa leso,
ukamwambia Baba afunge dirisha.
Kufikia ya tisini kifua kilikuwa kimepona
na punda wa Langoni walikuwa wakipita bila kwato.

Hamali anapiga kelele, simila! simila!
nawe umesimama katikati ya kichochoro
unahesabu chenji ya mkate wa mofa.
Tukaanza kukushika mkono, wewe uliyetushika.

Daktari alisema dawa imefanya kazi. Kweli.
Lakini dawa haina macho, Mama.
Iliingia damuni kama mgeni asiyeelekezwa nyumba,
ikabisha kila mlango wa mtaa,
na ule wa sikio ikauvunja.

Nikiulizwa kwenye makongamano kwa nini mapafu,
kwa nini chembe ndogo namna hii,
nasema jambo kuhusu mzigo wa maradhi duniani,
nasogeza slaidi ya pili.
Yule nzi simtaji.

Baba ndiye aliyenifundisha tobo.
Kofia si kitambaa, alisema, sindano mdomoni,
kofia ni matobo; uzi kazi yake kuyazuia yasikutane.
Miaka kumi baadaye, ng'ambo, saa nane za usiku,
darubini ikanionyesha sifongo niliyoipika mwenyewe
nami nikacheka chumba kitupu:
matobo, safu kwa safu.
Mshono mbovu. Baba angeufumua wote.

Na ni yeye aliyezunguka jikoni za hoteli za Shela
akiomba magamba ya kamba,
akayaanika darini, paka wa Mkomani wakahamia kwetu,
akayapakia Mokowe kwenye basi la Nairobi
gunia limeandikwa VITABU
ili utingo asilalamike.
Alilalamika.

Asidi, kisha magadi makali, kisha maji, maji, maji:
kinachobaki ni unga mweupe usio na harufu ya bahari.

Kitendawili.
Nyumba yangu haina mlango.
Wewe ulinitegea, kabla ya sindano,
nami nikarukaruka: yai! yai!
Mayai ninayojenga sasa, laki moja yakijipanga
ndiyo kwanza yatimie upana wa ukucha wako.
Ndani nimetia dawa ileile. Ileile, Mama.
Yai halifunguki damuni. Halifunguki sikioni.
Linangoja limezwe na seli ya pafu iliyommeza mdudu,
mle mwenye ukali wa ndimu,
hapo ganda linalegea.

Hivyo ndivyo nilivyochora ubaoni.
Kwenye chupa yalipasuka njiani.
Yaligandana kama uji wa juzi.
Umeme ulikatika Ijumaa ukarudi Jumatatu,
friza ikamwaga miaka miwili sakafuni,
nikapiga deki.
Ruzuku wakaninyima mara nne; ya tano
wakaniandika Bwana Barke Shekuwe, wakanipa.
Sikuwasahihisha mpaka hela zilipoingia.

Miaka ishirini na miwili.
Mwezi uliopita, panya kumi na wawili,
mapafu yao wote safi.
Nikampigia kila mmoja kengele ndogo, peke yake, gizani.
Tisa waligeuza masikio.

Nimevuka maji kuja kukwambia hili.
Nimekaa mbele yako chini ya zidaka,
mdomo wangu kwenye mwanga ili uusome,
nikasema polepole: tisa. Kati ya kumi na wawili.
Ulinitazama midomo kama unayechambua mchele.
Nilingoja hongera, nakiri.

Ukainua vidole vitatu vyenye unga wa ngano,
na kwa sauti ambayo hujui tena ukubwa wake,
hata jirani akafungua dirisha,
ukauliza:
Na hawa je?